Bendera ya Kijani

Baba,

Koti lako la kazi amelichukua Baba Mdogo. Siku ya kugawana nguo zako Shangazi alisema linamfaa, na kweli linamfaa. Analivaa shambani kwenye vitunguu. Juzi nilimwona kwa nyuma, ameinama, nikamkimbilia. Nilipofika karibu ndipo nikakumbuka. Nikajifanya nimekuja kuomba jembe.

Bendera zako hakuna aliyeziulizia, kwa sababu zilikuwa kwenye begi langu la shule. Nyekundu na kijani, zile chakavu ulizoniletea kutoka Dar es Salaam nikiwa darasa la pili. Ulinieleza kwamba wewe ni gadi, na kwamba treni ya asubuhi inayowapeleka watu wa Pugu na Gongo la Mboto mjini, hata ikijaa namna gani, haitoki kituoni mpaka gadi apunge ya kijani. Bibi alisikiliza, akasema, "Kumbe wenzake wanachunga ng'ombe, yeye anachunga mabehewa." Ulicheka mpaka ukamwaga chai.

Tangu hapo, kila likizo yako ilipoisha, gadi nilikuwa mimi. Ulikuwa unapanda basi pale Rhotia, unafungua dirisha, unanisubiri. Nikipunga ya kijani ndipo unakaa.

Isipokuwa mara ya mwisho. Nilitaka ubaki hadi Jumapili ya kipaimara changu. Ulisema, "Mwanangu, watu wa Gongo la Mboto nao wana kazi zao." Nikainua nyekundu. Ulitoa kichwa dirishani, "Gadi, leo umenionea," abiria wakacheka. Dereva hakujua sheria zetu, akaondoa basi. Ulipopiga simu kutoka kituoni, honi ikilia nyuma yako, uliniambia, "Bado nasubiri ya kijani." Nikajibu, "Subiri." Tulikuwa tunataniana, Baba. Sikujua kwamba utaugua siku nne tu.

Siku ya mazishi nilikuwa nimeishika ya kijani ndani ya begi. Sikuitoa. Nilifikiri nisipoipunga hutaondoka.

Ikifika saa kumi na mbili jioni, saa uliyozoea kupiga, tunaitazama simu ya Mama. Shuleni tumefundishwa usafiri wa reli. Paskalina, ninayekaa naye dawati moja, akaninong'oneza, "Hiyo treni ikija Karatu itapandaje ule mlima wa Mto wa Mbu? Itasukumwa na tembo?" Nilicheka. Kisha nikatamani kukusimulia wewe.

Jana Bibi alizikuta bendera chini ya godoro langu. Hakunigombeza. Alisema, "Msafiri huagwa, mjukuu wangu. Asipoagwa anabaki mlangoni, hayuko ndani wala nje."

Leo baada ya ibada nimekwenda peke yangu kaburini. Nimesimama kama ulivyonifundisha. Nimetazama kushoto, nimetazama kulia. Kisha nimeipunga ya kijani mpaka mkono ukauma. Barabarani magari ya watalii yalikuwa yanapanda kwenda kwenye geti la hifadhi, na dereva mmoja, akidhani nampungia yeye, akapiga honi. Nimeichukua kuwa yako.

Sasa nenda, Baba. Nimekuruhusu.

Nikimaliza shule nitakuja kuipanda treni yako asubuhi, pamoja na wale watu wa Pugu. Nitakaa dirishani, na kila kituo nitamtazama gadi. Akipunga, nami nitapunga.

Gadi wako wa Rhotia,
Veronika