Kranki ya Lori Ndani ya Pikapu ya Baba

Nyasani, uko? Injini imekufa. Ya pikapu ya baba, ile iliyomleta mama harusini 1972!

Unajua kranki yake, kile chuma kinachosukuma pistoni, ilivunjika. Fundi Ombui akaniambia, "Tuweke ya lori, ni nene. Hizi injini ni ndugu, itaingia." Kweli iliingia. Nikamwamini!

Kumbe ya lori inasukuma pistoni juu zaidi. Hakupima. HAKUPIMA, Nyasani!

Tulipowasha tu, pistoni zikagonga kichwa cha injini, kang! Moshi, oili chini, halafu kimya.

Ombui ananiambia eti, "Lakini kranki yenyewe haijavunjika."

Na baba alikuwa ameketi ndani na koti lake, tayari nimpeleke Ikonge. Nimemwambia ashuke. Anasema, "Jaribu tena." Bado amekaa hapo.