Kisanduku cha Jina la Baba

Jumanne, 4 Machi
Tena ile fomu ya ukoo ya Una. Nimekwama palepale: jina la baba wa mama na habari zake. Una ni mwanamke wa Ayalandi aliyenitafuta mwaka jana mpaka akanipata. Ndugu wa babu yake, Donal, alikuwa fundi wa reli hapa Nairobi kabla ya uhuru. Ndiye aliyemzaa Mama. Una anataka picha, tarehe, kaburi. Nimemuuliza Mama. Nimemuuliza tena. Kaniuliza kama nimenunua sukuma wiki. Nina miaka hamsini na nane, na bado ananifanya nijione mtoto wa darasa la tatu.

Alhamisi, 6 Machi
Siku nzima ofisi ya usajili, kutafuta cheti cha kuzaliwa cha Mama. Dirisha la pili likanituma la tano, la tano likanirudisha la pili. Kimepatikana. Mahali pa baba pamepigwa mstari. Miguu imevimba kwa ajili ya mstari.

Jumapili, 9 Machi
Balaa jipya. Zile nyumba za reli Makadara alikokulia Mama zitabomolewa. Wakazi wanakusanya historia yao mapema. Jambo zuri. Lakini mwenyekiti wao kasikia habari za Donal. Sijui nani kamwambia. Uongo, najua. Ni mimi, baada ya misa, nikijigamba. Sasa anataka kutundika kibao: hapa aliishi mhandisi kutoka Ayalandi. Hakuishi hapo hata siku moja! Wazungu wa reli walikaa juu kilimani. Wala hakuwa mhandisi. Nimemwambia. Anasema hayo ni mambo madogo.

Jumatano, 12 Machi
Nimempeleka Mama akarekodiwe. Kawekewa kiti mbele ya nyumba yao ya zamani, majirani wamejaa. Swali la kwanza la mwenyekiti: mzungu. La pili: mzungu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama akamkatiza. "Huyo mzungu alinipa pua. Wekesa ndiye alinibeba mgongoni mpaka zahanati, mvua inanyesha. Andika huyo."

Kisha akasimulia, mimi mwanawe nikisikia kwa mara ya kwanza. Wekesa, yule ninayemjua kama babu mkali wa Bungoma, alimwoa nyanya yangu aliyekuwa tayari na mtoto mchanga, Mama mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimcheka. Alikuwa akifagia mabehewa. Kila siku yake ya mapumziko alikwenda kuwasumbua wakubwa mpaka mfereji wa maji ukaletwa kwenye safu yao. Kabla ya hapo wanawake walichota mbali.

"Lakini Mama, mzungu ndiye atatuletea wageni," mwenyekiti akasema.

"Basi wageni wakija, wape chai."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mwaka mzima namuuliza Mama kuhusu mtu asiyemjua. Sikumuuliza hata mara moja kuhusu baba yake. Nimejichukia.

Jumamosi, 15 Machi
Nimemaliza fomu. Kisanduku cha baba: Wekesa. Donal nimemweka chini, kwenye maelezo mengine. Nimemweleza Una kila kitu bila kupamba. Pengine hataandika tena. Mwenyekiti naye hapokei simu zangu. Sawa. Nimechoka na wote.

Jumanne, 18 Machi
Kibao kimetundikwa. Majina yote mawili, la Donal juu, na bado ni mhandisi. Nilikuwa tayari kupanda ngazi niking'oe. Mama kasema niache, nyumba yenyewe inabomolewa.

Una kapiga simu mchana. Hakuuliza tarehe wala kaburi. Aliuliza jina la Wekesa linatamkwaje. Nikampa Mama simu. Una akalikosea, Mama akamrekebisha, akalikosea tena. Mama ana subira ambayo mimi sikurithi. Akalitamka taratibu, kipande kwa kipande, mpaka sauti ya kule ng'ambo ikapatia.

"Eeh," Mama akasema. "Ndiye huyo baba yangu."

Akanirudishia simu, akatoka kuanua nguo.