Nimeshiba, Ahsante

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Jumamosi mwenzako wa chumbani, Kadzo, alifika hapa Takaungu kukuletea begi lako la vitabu. Yeye alidhani uko nyumbani. Mimi nilidhani uko chuoni Kilifi. Kisha akanieleza kwamba ulianguka darasani kwa njaa, ukaona haya, ukaondoka chuoni bila kuaga.

Nilimwambia hayo si kweli. Akanijibu kwa upole: "Babu, kila nilipopakua sima nilimwambia karibu. Kila siku alisema ameshiba. Hata nikamtania kwamba ana tumbo la ndege. Siku ile alipewa uji, akanywa vikombe vitatu bila kupumua."

Jibu hilo nilikufundisha mimi. Ulikuwa na miaka sita, ukakubali wali wa Bi Zuhura, jirani yetu, alipokukaribisha mara ya kwanza tu. Nilikurudisha kwake ukaombe radhi. Nikakwambia, "Mtoto mwenye adabu husema: nimeshiba, ahsante." Hukukosea tena, nami nilijisifu kwa watu.

Nimezikumbuka pia Ijumaa za mwisho ulipokuja hapa kutoka chuoni. Ulikwangua ukoko sufuriani, nikacheka kwamba umerudia utoto. Ulikula haraka, nikakukemea: "Taratibu, hukimbizwi." Ukaweka kijiko chini. Mimi nikaendelea kula.

Adabu ile ilikuwa ya mtu aliyeacha chakula kwao. Sikukufundisha aseme nini asiyekuwa nacho, kwa kuwa sikufikiri ungekuwa wewe. Nimesahihisha makosa ya watoto wa watu darasani miaka mingi. Hili langu sikuliona.

Shangazi yako wa Lamu anasema uko kwake na u mzima, lakini hutaki kushika simu yangu. Ndiyo maana naandika. Mitihani imebakia wiki mbili, na kitanda chako Kadzo hajampa mtu. Nimekubaliana naye: kila Jumatatu nitaleta unga, mbaazi na nazi, nanyi mtapika sufuria moja. Ametoa sharti moja tu, kwamba usimwambie tena umeshiba.

Ukitoka Lamu, pitia hapa kwanza. Bi Zuhura amekwisha kuuliza utafika lini, apike wali. Nitakukaribisha mara moja, mwanangu. Usingoje ya pili.

Ni mimi,
Babu yako