Festo Amekatwa, Baba

Hospitali ya misheni,
karibu na Njombe

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya mama umpe kabla hujaendelea kusoma. Natumaini barua hii inawakuta wazima wote hapo Lupingu, na kwamba kifua cha mama kimetulia. Huku juu ni mvua na baridi, ukungu hauondoki mpaka jua liwe utosini, nanyi huko ziwani labda mnalalamika joto. Mimi ni mzima. Festo yu hai. Hilo nimeliandika mapema makusudi, ili haya mengine uyasome ukiwa umekaa.

Festo amekatwa tumbo, baba. Ruhusa nimeitoa mimi.

Najua ulivyosema. Nilikuwepo mara ile ya kwanza, ulipopanda milima kwa miguu ukatukuta hapa hapa, mwanao amelala kifudifudi kwa wingi wa sindano za penisilini. Daktari alitueleza kwamba kidole tumbo kilikuwa kimevimba, dawa imekituliza, lakini bado kimo ndani, na baada ya miezi michache arudi kikatwe kabla hakijaamka tena. Ukamjibu kwamba aliyepona hakatwi. Nami niliona ni neno la busara, sitakudanganya. Nani anapenda kisu? Ukampeleka nyumbani, mkachinja mbuzi wa shukrani, ukasimama kanisani mbele ya watu wote ukashuhudia kwamba Mungu amemponya mwanao bila kisu. Festo aliporudi kwangu Makambako akanisimulia, na wote tukafurahi.

Ushuhuda ule ndio uliotaka kumuua. Usikasirike bado, soma kwanza.

Alirudi kwenye kazi yake ya kupakia malori, akala, akanenepa. Kisha siku za karibuni nikaanza kuona mambo. Ule usipa, dagaa wa ziwani mliotutumia, ambao akiuona husahau hata kunawa, nilimkuta akimmwagia mbwa wa jirani. Nikamuuliza, akasema ameshiba kwa rafiki yake. Kesho yake alikuwa amejikunja jikoni kwangu, na nilipomsogeza nipate kupika, jiwe la moto lilianguka kutoka ndani ya shati lake, amelizungushia kitambaa.

"Hili nalo la nini?" nikamuuliza.

"Baridi, dada."

"Baridi ya upande mmoja?"

Akalia. Mtu mzima yule, mwenye ndevu. Akasema, "Imerudi. Lakini usimwambie mtu. Baba amesimama mbele ya kanisa zima. Nikienda kukatwa watasema mzee wa kanisa alishuhudia uongo."

Baba, nilimtukana. Maneno yote siyakumbuki, na ninayoyakumbuka hayaandikiki kwa mzee wa kanisa. Mume wangu alikuwa safarini Iringa, kwa hiyo nilimwacha mwanangu Neema kwa jirani nikakimbilia barabarani kutafuta gari. Nikampata dereva mmoja Mbena, ambaye hula chakula kwangu, anapeleka chumvi Njombe.

"Kamwene, mama Neema," akanisalimu. Nilipomweleza akakuna kichwa. "Mgonjwa nitampakia. Ila njia imeoza, asije akanilaumu mimi kwa mashimo."

Tukamlaza juu ya magunia. Kila gari liliporuka, naye aliruka, akawa anauma blanketi asipige kelele. Mbele kidogo, kwenye mpando mmoja wa udongo mwekundu, gari likazama. Abiria wakashuka kusukuma, matope yakawarukia mpaka nywele, gari likisogea kidogo linarudi pale pale. Mimi nilibaki juu nimeshika kichwa chake. Niliogopa, baba. Niliogopa kiasi kwamba nilianza kuwaza moyoni ni nani wa kumtuma kwenu na maneno gani ayaseme.

Ndipo Festo akafumbua macho, akasema kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "Dada, imeacha."

"Imeacha nini?"

"Maumivu. Yamekatika. Ameniponya tena, dada. Turudi."

Na wakati huo huo lori lililotoka Njombe lilisimama kutuvuta, na dereva wake akasema anaelekea Makambako, nafasi ipo, kama mgonjwa ana nafuu atuchukue. Nusura nikubali. Niliwaza jinsi utakavyofurahi, nikamwaza Neema anayelia kwa jirani, na mguu wangu mmoja ulikuwa tayari umeshashuka kwenye gurudumu. Nikamshika mkono Festo nimwinue. Ulikuwa wa baridi na umelowa, na alipojaribu kuketi tumbo lake halikujikunja, lilikuwa gumu kama ubao. Sikuelewa maana yake. Sikupenda tu.

Nikamwambia, "Kama ameponya, twende daktari naye akashukuru. Tumeshakuja mbali."

Akanuna kama mtoto, lakini nguvu ya kubishana hakuwa nayo.

Daktari alimgusa tumbo mara moja tu, uso ukambadilika. Akatuambia kwa Kiswahili chake kile cha kukatakata kwamba kidole tumbo kimepasuka, na ule unafuu wa njiani ulikuwa ndio kupasuka kwenyewe. Uchafu umemwagika ndani. Akikatwa sasa hivi huenda akapona. Akingoja, hapana.

Unajua mwanao alijibu nini? "Mpaka baba aje."

"Baba yuko wapi?" akauliza daktari.

"Lupingu."

Muuguzi aliyesimama pale, mwenyeji wa milima ile uliyoipanda, aliinamisha kichwa tu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni mbali.

Nikainama sikioni mwake. Nikamwambia, "Baba alishukuru kwa alichokiona kwa macho yake, hakuweka dhamana kwamba utumbo wako hautauma tena." Akasema, "Nitamfanya mwongo." Nikamwambia, "Ukifa utamfanya nini?" Kisha akauliza, "Utamwambia wewe?"

"Nitamwambia mimi."

Akafumba macho akaitika kwa kichwa. Nami nikamgeukia daktari nikasema, mimi ni dada yake mkubwa, huyu nimembeba mgongoni kabla hajajua kutembea, mkateni. Ndiyo maana barua hii imeandikwa kwa mkono wangu, wala haikupitia kwa mama kama habari zetu nzito zinavyopitia.

Walipomwingiza mle ndani nilikaa nje ukutani, harufu ya dawa ya usingizi ikitoka chini ya mlango. Niliomba, lakini siyo maombi uliyotufundisha. Nilimwomba Mungu bila adabu, kama mtu anayedai. Daktari alipotoka alisema wametoa usaha mwingi, wameacha mrija wa mpira tumboni uendelee kuutoa, na tungoje.

Kungoja huko ndiko kulikonimaliza. Homa ilipanda, tumbo likajaa, maji hata tone hakuruhusiwa, namlowesha midomo kwa kitambaa. Na kila asubuhi daktari alikuja na swali lile lile, niwie radhi baba, kama mgonjwa amejamba. Kumbe matumbo yakikatwa hulala, na hewa ikipita ndiyo dalili kwamba yameamka. Basi wodi nzima ikawa inangoja ushuzi wa mwanao kama watu wa Manda wanavyongoja meli. Mimi nilikuwa nauliza, muuguzi anauliza, hata wagonjwa wenye shida zao wanauliza.

Leo asubuhi umetoka, tena si wa kimya. Mzee wa kitanda cha pili akasema "Asante Mungu" kwa sauti ya kanisani, wala hakuwa anatania. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipokaa chini nikagundua nalia. Mchana amekunywa uji kidogo. Homa bado ipo, imeshuka, na daktari hajasema amepona, amesema tu kwamba sasa anaona njia.

Mama mwambie kwamba anakula, hata kama ni vijiko. Nisalimie bibi, mfinyanzi wetu wa vyungu, na mwambie chungu alichonipa kilifika kizima. Msalimie pia mwalimu wetu wa shule ya misheni, aliyegombana nawe mpaka ukaniacha nijifunze kuandika.

Baba, Festo kila mlango ukifunguliwa anageuza kichwa. Anakungoja, na anakuogopa. Hilo limenizidi uwezo, sina dawa yake. Njoo. La kusema kanisani utalijua wewe, mimi sikufundishi. Lakini kama jambo hili limekuaibisha mbele za watu, usimletee yeye aibu hiyo kitandani, niletee mimi, nitaipokea yote. Heri unikasirikie nikiwa na mdogo wangu kuliko kunisifu nikiwa sina.

Ni mimi binti yako, niliyesema ndiyo kabla wewe hujaulizwa,

Edina