Kigari Chenye Freni ya Baisikeli

Nyamitaba, tarehe 6 Machi 1955

Mama Généreuse mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote wa nyumbani Walikale. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Hapa tuko wazima, mimi na Agathe. Ametimiza miezi sita na jino la kwanza limetokeza chini. Ananiuma nalo kidole, kisha ananicheka.

Barua yako imenifikia kwa mkono wa Symphorien, shofa anayeendesha kamyo ya mizigo kati ya Walikale na huku. Unasema baada ya Pasaka nimpe yeye mtoto amlete kwako, kwa sababu mtoto aliyefiwa na mama analelewa na mama wa mama yake. Nimeisoma mara nyingi, Mama. Nimeona ulivyo na uchungu, nami ninao huo huo. Lakini Agathe sitamleta. Nasema hivi mwanzoni ili usisome barua nzima ukingoja neno lingine.

Jirani yetu Mukasine, aliyekuwa anamnyonyesha pamoja na wake, ana mimba nyingine na maziwa yake yamekatika. Sasa Agathe anakunywa ya ng'ombe, nayachanganya na maji yaliyochemka. Maziwa hayakosekani, kwani unajua kazi yangu ni kugandisha maziwa yawe jibini kwenye nyumba ya fromaji ya yule mzungu. Shida ni mahali pa kumweka. Mchana kutwa ninainama juu ya sufuria kubwa ya maziwa ya moto. Nikimfunga mgongoni, mvuke unampiga usoni. Nikimlaza kwenye mkeka mlangoni, ng'ombe wanapita hapo hapo.

Sasa nakuomba shauri. Madamu, mke wa mzungu, anarudi Ulaya mwezi ujao na anauza vitu. Kuna kigari cha mtoto, cha magurudumu manne, kilicholea watoto wake watatu. Ni kizee. Kifuniko kimepasuka, gurudumu moja linalia, na freni ya kukisimamisha haishiki, na wewe umesikia milima yetu ilivyo. Tena kuku analalia mayai ndani. Marehemu Euphrasie wetu alikiona mwaka jana tulipopita barazani kwa Madamu, tumbo lake likiwa kubwa. Akanishika mkono: "Tazama, kuku ya bazungu inatembezwa kama mukubwa wa serikali!" Tulicheka mpaka kisimani.

Ili nikinunue lazima niuze baisikeli yangu. Usiku na mchana nakiona kile kigari, na bado sijaamua. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Hatujawahi kutazamana uso, Mama. Kwenu mkwe akimwona mama mkwe njiani anageuka, anampa mgongo mpaka apite. Nilifanya hivyo siku ya mahari na nitafanya hivyo siku zote. Ila kwenye karatasi naweza kukuambia mambo ambayo mdomo haungeweza.

Ni mimi mkwe wako,
Damascène

*

Walikale, tarehe 27 Machi 1955

Kwa mukwe wangu Damascène,

Salamu. Goti linauma, aksanti kwa kuuliza. Katekista Barthélemy njo mwenye kuandika, mimi nasema tu.

Unaniomba shauri, na jibu umekwisha kulitoa wewe mwenyewe juu ya karatasi. Basi na mimi nasema langu. Kigari kiko na moyo? Kinapumua? Mutoto akilala mugongoni kwa mama anasikia pumzi, anasikia mama anaimba ndani ya mifupa. Ndani ya chuma atasikia nini? Atasikia gurudumu linalia. Na tena kitu ya kuku!

Utauza baisikeli, muntu mwenye akili, ununue sanduku yenye magurudumu? Hapa bamama wananiuliza kila siku: "Généreuse, mujukuu iko wapi?" Nasema anakuja. Nimekwisha kukata nguo ya kumubebea. Nimekwisha kumuwekea ndizi ndogo ndogo zile za kuponda.

Euphrasie alikuwa wangu wa mwisho. Alipanda kwenu kwenye baridi ndani ya kamyo, anaimba. Kilichorudi kwangu ni barua. Sikumuosha. Sikumuona. Na wewe unataka nibaki na barua tena?

Symphorien atapita kwako siku ya tatu baada ya Pasaka. Mutoto awe tayari.

Mimi mama ya marehemu Euphrasie,
Généreuse

(Mimi Barthélemy nimeandika namna anavyosema. Alisema na mengine juu ya baisikeli na juu ya kichwa chako. Hayo nimeyaacha, kwa kuwa ni Kwaresima.)

*

Nyamitaba, tarehe 17 Aprili 1955

Mama mpendwa,

Pasaka njema, ijapokuwa imepita. Naomba goti lako lipate nafuu. Sisi wazima. Agathe ana meno mawili.

Symphorien alifika siku uliyosema. Alizima kamyo, akakaa uani, akanywa maziwa vikombe vitatu bila kusema kilichomleta. Mwisho akasema: "Kaka, mimi sikuzaa na wewe, siwezi kukunyanganya mutoto. Sasa nimupelekee ile mama nini?" Nikamwambia akipita tena nitampa barua hii na fromaji nzima iliyofungwa majani. Usimkasirikie. Mkasirikie aliyebaki na mtoto.

Kigari nimekinunua.

Sikukinunua kama kipofu. Kwanza nilitia ndani gunia la viazi lenye uzito wa Agathe, nikakiachia kwenye mteremko wa chini ya kanisa huku nimevuta freni. Kilishuka kama mbuzi aliyeona simba, kikaingia kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Viazi vikazama. Védaste, aliyekuwa anataka baisikeli yangu tangu zamani, akapiga magoti kwa kucheka. "Damascène, mutoto wako anajua kuogelea?"

Nikarudi nyumbani, nikakaa na baisikeli. Nikafungua freni ya mbele, mpira wake na waya wake, nikaifunga kwenye kigari. Nikarudisha viazi juu ya mteremko, mara saba. Kiligoma kushuka mara saba. Ndipo nikamwuzia Védaste baisikeli yenye freni moja. Sasa akishuka mlimani anamalizia kwa kisigino, na viatu vyake vinajua.

Jumapili nilikwenda misa nikisukuma kigari, Agathe ndani. Watu walitoka kwenye misa kabla ya baraka ili wanione. Mzee Nzabandora akasema kwa sauti, mbele ya wanawake wote: "Ee Damascène! Njo wewe ulizaa?"

Nikamjibu: "Ndiyo, mzee. Mimi njo nilizaa. Na wewe, kwa watoto wako saba, kuna mmoja unayejua anakunywa maji ya moto ao ya baridi?"

Wanawake ndio walionijibu, kwa vigelegele. Mama, mimi si mtu wa kelele, Euphrasie alikuwa ananisukuma niseme hata bei ya chumvi. Siku ile nilisema mwenyewe.

Uliuliza atasikia nini ndani ya chuma. Nikueleze kilichomo. Euphrasie alikuwa ametengeneza ngozi ya kondoo ya kumbebea mtoto, kama wanavyofanya kwetu. Aliilainisha kwa siagi miezi miwili, akilalamika kwamba milima yote inanuka siagi na yeye sasa ananuka mlima. Aliitumia siku nane tu. Ngozi hiyo nimeitandika kwenye kigari, upande wa manyoya juu. Agathe akilala anaishika kwa ngumi. Na kigari hiki kimetengenezwa hivi kwamba mtoto hamtazami aliye mbele, anamtazama anayesukuma. Mgongoni angeona shati langu. Hapa anauona uso wangu njia nzima, nami wake. Nyusi zake ni za mama yake.

Njoo umwone. Andika siku, nitamleta hadi Masisi, katikati ya njia, sokoni kamyo inaposimama. Mimi nitasimama kando kama inavyotakiwa.

Papa wa Agathe,
Damascène

*

Nyamitaba, tarehe 26 Juni 1955

Mama,

Salamu tena, ingawa hujajibu. Symphorien anasema u mzima na kwamba fromaji uliipokea bila neno, ukaiweka juu ya kabati, na haijulikani kama umeila.

Agathe alipata homa mwezi wa tano. Nililala ameshika shati langu siku nne. Watu walipita mlangoni wakisema kwamba ni kigari, ni chuma baridi, ni kiburi changu. Mukasine aliwafukuza kwa ufagio. Sasa amepona, anakaa peke yake, anapiga ukingo wa kigari kwa kijiko cha mama yake, kile cha mti ulichomchongea.

Watu wanasema unakuja kumchukua. Kama ni kweli, njoo. Sitamficha. Nimejua kusimama mbele ya Nzabandora, lakini kwako siwezi kusimama mbele, mila hainipi nafasi. Nitageuka. Nakwambia mapema ili ujue kwamba kugeuka kwangu si kukubali.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane tutalala Kingi njiani, na asubuhi yake tutakuwa Masisi.

Papa wa Agathe

*

Walikale, tarehe 14 Agosti 1955

Mwanangu Damascène,

Nakusalimu, na Agathe namusalimu. Goti lilikataa kamyo lakini limenirudisha. Barthélemy iko hapa na kalamu, nimemwambia leo asiache neno hata moja.

Nilikuja kumuchukua. Ulijua na ulikuja. Nguo ya kubebea ilikuwa mabegani mwangu, na Symphorien nilimwambia asizime moteri.

Nilikuona ng'ambo ya barabara. Ulisukuma kigari mpaka katikati, ukavuta ile freni ya baisikeli, ukarudi nyuma hatua nyingi, ukanigeuzia mugongo. Hakukuwa na muntu wa katikati wa kutupokeza mutoto, maana mimi na wewe hatuwezi kupeana kitu mukono kwa mukono. Kigari njo kilikuwa muntu wa katikati. Bantu wote wa soko wakaacha kuuza, wakatazama.

Mimi nilifika. Niliinama. Nikasikia siagi, na chini ya siagi nikasikia harufu ya mutoto wangu, ile ya shingo. Usiniulize namna gani. Ngozi ilikuwa nayo. Nililia hapo, sikujali soko.

Nikatandaza nguo. Nikamuambia Agathe: "Twende kwetu." Damascène, mutoto hakunililia. Angelia ningembeba, wanalia wote kisha wanazoea. Aliniangalia vizuri, akanipa kijiko. Kisha akainamisha kichwa hivi, pembeni yangu, na hivi, upande ule mwingine. Alikuwa anatafuta. Mahali pa kusukumia palikuwa na sura siku zote na sasa hapakuwa na sura. Alikutafuta, na wewe ulikuwa kisogo tu kule mbali.

Ningeweza. Usiseme kwamba sikuweza. Moteri ilikuwa inanguruma na wewe hungegeuka.

Nilifungua freni. Nikasukuma mimi mwenyewe, na hili goti, mpaka gurudumu likagusa kisigino chako. Ndipo nikaenda zangu.

Fromaji tulikula na Barthélemy. Ni chumvi mingi.

Bamama wa hapa waliniona nashuka kamyo na nguo tupu. "Généreuse, mujukuu iko wapi?" Nikasema: "Iko kwa mama yake." Wakafikiri uchungu umenipanda kichwani. Nikasema tena, kwa sauti: "Iko kwa mama yake, Nyamitaba, anatengenezaka fromaji! Kuna mwenye neno?"

Noeli mutakuja wote wawili, na kigari. Nitakaa upande wangu wa ukuta na wewe upande wako, na mutoto tutamusukumiana. Lile gurudumu linalolia usilitie mafuta. Nataka nilisikie tangu kwenye daraja, nijue munafika.

Mama yako, nyanya wa Agathe,
Généreuse

(Nimeandika yote. Barthélemy.)