Sauti ya Mama Iliyoshuka Chini

Lövberga,
Jumatatu, baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote

Kaka yangu mpendwa Halvar,

Pokea salamu za nyumba hii yote, pamoja na za jiko letu bovu, ambalo bado linatutia moshi machoni kila upepo ukitoka kaskazini. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Göteborg, wewe na wifi yangu Maj, na kwamba mgongo wako umetulia. Sisi tu wazima, ule uzima wa kijijini unaoujua, wa kusema hatujambo huku tumeshika kiuno. Theluji ya kwanza imeanguka. Ziwa bado halijaganda.

Najua umeshangaa kuona bahasha badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningelia, mwishowe tungezungumza habari za mvua kama kawaida yetu. Kwa hiyo naandika, nawe usome mpaka mwisho kabla hujanipigia.

Nianze na mpangaji wetu, maana nilikutajia jina tu. Sholban ni mtu wa Tuva, kule Siberia. Alikuja huku kiangazi na kikundi cha waimbaji, wenzake wakarudi, yeye akabaki. Sasa yuko kiwanda cha mbao, na analala katika kile chumba baba alichokuwa akitengenezea fidla zake. Watu wa kwao huimba kwa koo. Mtu mmoja hutoa sauti mbili kwa wakati mmoja: moja inanguruma chini, nyingine inapiga mluzi juu yake. Siku ya kwanza aliimba huku akipasua kuni, na mama akatoka na ufagio akidhani mnyama ameingia bandani.

Wakati huo mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali. Uvimbe wa kooni ulikuwa umeung'ang'ania mshipa unaoendesha sauti, ikabidi vikatwe pamoja. Wewe unaikumbuka sauti yake. Alikuwa akiita ng'ombe malishoni, na watu wa ng'ambo ya ziwa wanaacha kazi kusikiliza. Alirudi na mkwaruzo tu. Aliacha kuimba, kisha akaacha hata kusema. Tulikuwa tukinywa kahawa mimi na yeye kama watu wawili wanaosubiri treni.

Nilipokupa habari za upasuaji ule kwenye simu, nilijua unachofikiri. Siku lori lilipowachukua ng'ombe uliowauza, baada ya maziko ya baba, mama alisimama mlangoni akakwambia, "Umenikata koo, Halvar." Maneno kama hayo hayasahauliki. Tangu siku hiyo hujakanyaga hapa.

Aliyemrudisha mama kwenye maneno ni Sholban. Siku moja tulikuwa tukichambua matunda mekundu ya msituni, naye akamwambia kwa Kiswidi chake cha kuchechemea, "Mama, sauti yako haijafa. Imeshuka ghorofa ya chini."

Mama akamjibu, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, "Huko chini kuna giza na panya."

"Basi tushuke wote, tuwafukuze."

Mama akamwita mwehu. Lakini kesho yake, Sholban alipotoka kazini, alimkuta ameketi jikoni, amevaa shati safi, anamsubiri. Akamfundisha kusukuma pumzi kutoka tumboni na kulibana koo bila kuliumiza. Mama alikohoa, akatukana, akaanza tena. Haukupita muda mrefu akawa anaweza kushikilia sauti moja nzito, ndefu, inayotetemesha vikombe kabatini. Mimi nikaanza kuimba juu yao ule wimbo wa bibi wa kuagana na malisho mwisho wa kiangazi. Halvar, nimeuimba wimbo ule tangu utotoni, nikidhani naujua. Ziliposimama chini yake sauti zao mbili, nilihisi kama mtu aliyetembea majini maisha yake yote, leo anakanyaga ardhi.

Mchungaji Solveig alitusikia, akaomba tuimbe kanisani siku ya kuwakumbuka marehemu. Kijiji kikagawanyika. Per-Erik, yule mpiga kengele, alinisimamisha dukani akaniuliza tangu lini dubu wanabatizwa. Mama, aliyekuwa nyuma yangu na kapu, akamwambia, "Dubu huyu hatoki nje ya wimbo, Per-Erik. Wewe tangu kipaimara hujaingia ndani yake." Duka zima likacheka, hata yeye.

Jumamosi tukaimba. Majina ya waliokufa yalisomwa, mishumaa ikawashwa, kisha Sholban akaanza chini kabisa, mama akamfuata, nami nikapanda juu. Watu wakadhani kinanda kimeguswa, wakageuka kutazama. Hakukuwa na mtu kwenye kinanda. Tulipomaliza, Per-Erik alikuwa amevua miwani, anaifuta na tai yake.

Baada ya ibada mama aliniomba tubaki wawili kwenye kaburi la baba. Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo ndilo hasa limenifanya nikuandikie.

Anajua kwamba ni baba aliyekuagiza uwauze ng'ombe. Anajua baba alikuapisha usiseme, kwa sababu aliona magoti ya mama yamechoka, na alijua mama hatakubali kamwe kuwaacha. Mama alikuwa nyuma ya mlango siku ile baba alipokuapisha, na sinia mkononi, akasikia kila neno. Nilimuuliza kwa nini basi alikulaumu wewe miaka yote hii. Akatazama jiwe la kaburi, akasema kwa ile sauti yake mpya, "Ningegombana na nani? Marehemu hajibu."

Kaka, uvimbe umerudi. Watamfanyia upasuaji tena wiki ya sikukuu ya Lusia, katikati ya Desemba, na daktari amesema safari hii huenda asiweze kusema kabisa. Anataka kukuomba radhi kwa kinywa chake, wakati kinywa bado kinamtii. Mimi nimetumwa nikwambie tu uje ule nasi chakula. Mengine amenikataza. Nimeyaandika kwa sababu nakufahamu: ungeambiwa chakula tu, ungesema kazi nyingi.

Sholban, ambaye hamjaonana, anakusalimu. Anasema atalala jikoni ili wewe na Maj mpate chumba cha baba. Mbusu wifi yangu kwa niaba yangu, na mje na nguo nzito.

Ukifika, jifanye hujui lolote. Mama atachelewa kuanza, atakohoa, atatafuta maneno. Usimsaidie, usimwambie yamekwisha. Mwache aseme mpaka amalize.

Ni mimi dada yako,
Gudrun