Pigo la Kibuyu cha Zilpah

Job, nimekuona. James alipoutaja ule wimbo, ukainamia viatu vyako kama umeangusha sindano.

Zilpah yuko nje ya ukumbi, hapa hapa Homa Bay. Hajalia. Anarudia tu, "Ati mila ya babu yake?"

Mila gani? Mwaka wa tisini na tisa, kule Kehancha, mkirekodi wimbo huu, Zilpah alipata plagini ya bure, programu ndogo ya kuongeza mwangwi, kwenye sidii iliyokuja na jarida. Kompyuta ilikuwa yako. Kumbe plagini ni ya majaribio, kila ubeti inakata sauti. James akasema, "Dada, tuache, hii imetushinda." Zilpah akachukua kibuyu cha maziwa cha mamake, akaziba kila pengo kwa pigo.

Leo James anashika maikrofoni: "Pigo hili nilirithi kwa babu. Wimbo ni wangu peke yangu."

Peke yangu, Job. Na ukapiga makofi.

Zilpah anasema, "Nikiongea mimi, wataniita mwenye wivu. Job alikuwepo."

James bado yuko jukwaani. Usinijibu hapa kwenye simu. Inuka sasa hivi, mnyang'anye maikrofoni, uwaambie wimbo ni wa nani.